Maji Ambayo Anselmo Hakuyamwaga

Basel, Uswisi
6 Oktoba 1974

Dada yangu mpendwa Veridiana,

Shikamoo. Nisalimie shemeji, Pancras na Mama. Mjomba Bartholomayo mwambie shikamoo yake imepanda ndege, asije akasema mpwa wake amesahau adabu kwa sababu ya baridi. Mimi mzima, ila masikio. Masikio ya mtu wa Newala hayakuumbwa kwa ajili ya Oktoba ya huku.

Umeniuliza nafanya kazi gani hasa, maana wauguzi wenzako wanadhani nasomea udaktari na Mama anawaambia watu nasomea upadri. Si hili wala lile. Nimeletwa miaka miwili kujifunza ufundi wa maabara, na maabara niliyopangiwa inachunguza mishipa ya damu. Kutwa naosha vyombo, nachemsha, napima na kulisha. Ndiyo, kulisha. Tuna chembe hai zilizoshika sakafuni mwa visahani vya kioo, na juu yake tunamimina maji yenye chakula chao, ya rangi ya waridi. Baada ya siku tatu maji yanageuka manjano, tunayaondoa, tunaweka mapya.

Sasa nisikilize, maana hili linatuhusu. Mshipa wa damu si bomba tupu. Ndani kabisa, pale damu inapogusa, kuna utando wa chembe zilizolala bega kwa bega, unene wake chembe moja tu. Nje ya utando kuna tabaka la misuli inayoubana mshipa na kuulegeza. Utando ukiwa mzima, chembe za misuli zinakaa kimya, kila moja na kazi yake. Utando ukikwanguliwa, zile za misuli zinaanza kuzaana ovyo na kuhamia ndani, na njia ya damu inazidi kuwa nyembamba hadi inaziba.

Nilipoelezwa hivyo siku ya kwanza ilibidi nitoke nje. Nilikumbuka mguu wa mjomba. Kipande cha bomu la Wareno kilimpata kule bondeni karibu na Ruvuma, Februari ya mwaka sabini na mbili, daktari akaushona mshipa vizuri, mguu ukapata joto, tukashukuru Mungu. Miezi kumi na minne baadaye ukawa baridi kama chupa. Daktari akasema nyama imeota ndani ya mshipa palepale aliposhona, na mguu ukakatwa juu ya goti. Nilimchukia yule daktari. Sasa naona labda hakuwa na kosa.

Profesa wangu, Mama Amrein, ana swali moja tu na amelikalia miaka sita: ule utando unazitulizaje chembe za misuli? Hakuna ajuaye. Mimi naosha vyombo vya watu wanaolitafuta jibu, na wala sioni aibu.

Mikorosho ya Chilangala inaendeleaje? Mabibo yameanza?

Mdogo wako,
Anselmo


Newala
29 Oktoba 1974

Mdogo wangu Anselmo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu na mara nne kwa sauti. Mama amekubali kwamba si upadri. Amelia kidogo, kisha akasema basi uoe.

Hapa hatujambo. Wodi ya wazazi imejaa kama kawaida ya mwezi wa kumi. Tangu Septemba ndege za Wareno hazijasikika, na wale jirani zetu wa ng'ambo, waliokimbia vita ya Msumbiji, wameanza kufunga mizigo yao, wanasema watarudi kwao kabla mwaka haujaisha. Mmoja nimemzalisha juzi, mtoto wa kike, wakamwita Isabela, na mama yake anasema atajifunza kutembea upande wa pili wa mto. Mikorosho ipo palepale.

Mjomba alikaa kwenye kigoda chake akasikiliza yote, mpaka yale ya maji ya waridi. Kisha akaniambia nichukue kalamu. Anakuuliza hivi, na ananiamuru niandike kama alivyosema: "Mwambie Anselmo, huo utando ni mlinzi, nimeelewa. Lakini mlinzi yupi? Yule anayesimama mlangoni, watu wakashindwa kupita kwa sababu ya mwili wake? Au yule anayeongea na watu, wakatulia wenyewe hata akiwa amekaa pembeni?" Nikamwambia huo ni usumbufu wa mzee. Akasema kama profesa amekaa miaka sita na swali hilohilo, basi naye ni msumbufu.

Mimi nina swali dogo la mkunga. Hizo chembe mnazitoa wapi? Umeandika mistari minane kuhusu kuzilisha, na hata nusu mstari kuhusu zilikotoka. Nakujua wewe ukiruka jambo.

Funika masikio.

Dada yako,
Veridiana (Mama Pancras)


Basel
20 Novemba 1974

Dada yangu,

Shikamoo. Nianze na la kwako. Chembe zinatoka kwenye vitovu. Kila Jumanne naenda hospitali ya wazazi na ndoo yenye barafu, narudi na vitovu vya watoto waliozaliwa usiku ule, na humo tunapata utando na misuli pia. Niliogopa kukuandikia. Najua kwetu kondo na kitovu wanazika kina mama wazee, na mwanamume hasogei. Siku ya kwanza nilibeba ile ndoo huku nasali. Mama usimwambie.

Swali la mjomba nililipeleka kazini kama mzaha. Profesa Amrein hakucheka. Alisema ndilo hasa swali lenyewe, na kwamba wakubwa wengi wanaamini katika mlinzi wa kwanza, yule wa kusimama mlangoni.

Lakini dada, mambo yameniharibikia. Sahani sita za misuli, namba saba hadi kumi na mbili, zilikuwa mikononi mwangu wiki mbili zilizopita. Zilitakiwa zikue kama zile nyingine, tuzihesabu, tuzilinganishe. Hazikukua. Hazikufa, hazikuoza, zimekaa tu kama watu waliokataa kuhama. Profesa anasema chombo kilibaki na sabuni, au nimepima vibaya, na huko nyuma nilishavunja chupa mbili. Aliniita ofisini mwake. Nimepewa hadi Pasaka. Kosa jingine kama hili nisiloweza kulieleza, narudishwa nyumbani, na nafasi yangu anapewa mtu wa nchi nyingine.

Usimwambie mtu. Wilaya nzima ilinisindikiza hadi kwenye basi. Padri alinipa rozari, wanakijiji wa Chilangala walinichangia koti. Nitarudi na uso gani? Nimeangalia daftari langu kila siku, na kila siku linasema kila kitu kilifanywa sawasawa.

Mdogo wako,
Anselmo


Newala
14 Desemba 1974

Anselmo,

Marahaba. Kaa chini unaposoma.

Nina swali moja na nataka ujibu kama vile Mama amesimama mbele yako. Yale maji ya manjano uliyoyatoa kwenye sahani za utando, uliyamwaga, au ulizilisha zile sahani sita?

Nakuuliza kwa sababu nimekulea. Tulipokuwa wadogo mimi ndiye niliyeteremka bondeni na mtungi, mwendo wa saa tatu kushuka na saa nne kupanda, na wewe ndiye uliyechapwa kwa kumwaga maji ya kuoshea mchele. Unakumbuka? Maji ya mchele yanaoshea sahani, ya sahani yananawia miguu, ya miguu yanakwenda kwenye mpapai. Ulichapwa mara moja tu, na kuanzia siku hiyo mkono wako haujawahi kumwaga kitu. Ulipokuja kunitembelea nilipokuwa nasoma uuguzi, matroni alikukuta umepanga ndoo tatu za maji machafu nyuma ya bweni, akanigombeza mimi.

Nimesoma barua yako. Umeandika "hazikufa, hazikuoza". Mtu aliyepima vibaya hazungumzi hivyo. Na umesema daftari linasema kila kitu sawasawa. Wewe mwenyewe hukusema kwamba kila kitu kilifanywa sawasawa. Nimezoea kina mama wanaoniambia hawajanywa dawa ya mganga, huku macho yanatazama ukuta.

Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, nenda kwa huyo mama ukamwambie, hata kama utarudi na basi lilelile. Koti tutakusaidia kulirudisha.

Nami nikushike mkono kwa kuungama. Nilikuandikia mikorosho ipo palepale. Si uongo, ipo palepale. Sisi ndio hatupo. Mwezi wa nane, wewe ukiwa umeshaondoka, Chilangala yote ya upande wetu ilihamishwa, tumejengewa kijiji cha ujamaa kando ya barabara kuu. Mama analala kwenye nyumba isiyo na dari bado. Shule ipo karibu, hilo ni jema, na bomba wameahidi. Kule kwetu sasa ni mahame, tunarudi kuokota korosho na kupalilia, mwendo wa saa mbili na nusu. Nilikuficha kwa sababu nilijua utashindwa kulala. Sasa sote tumefichana, inatosha.

Ya vitovu nimeyameza. Mama nimemwambia ni vya ng'ombe.

Veridiana


Basel
8 Januari 1975

Dada yangu Veridiana,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Hukukosea. Nilikaa na barua yako kwenye kiti cha stesheni hadi miguu ikafa ganzi.

Ilikuwa hivi. Tangu nifike hapa nimeshindwa kumwaga yale maji. Natakiwa kuyatupa kwenye sinki, na sinki lao lina bomba ambalo halikauki, dada, unafungua tu. Lakini mkono unakataa. Nikawa nayachuja, nayatia kwenye chupa safi, naziweka kwenye jokofu nyuma ya makopo ambayo hayaguswi. Sikuwa na nia yoyote, niliyaweka tu. Ijumaa ile chakula kipya kiliisha na kingine kilikuwa kinakuja Jumatatu. Sahani sita za misuli zilikuwa na njaa. Nikaona, yale ya utando bado yana nguvu kidogo, si yameoshea mchele tu? Nikazipa. Kisha kwenye daftari nikaandika "maji mapya". Hilo ndilo linaloniuma. Ningeandika ukweli siku ile ingekuwa kosa la ufundi. Nilidanganya daftari.

Juzi nikaenda kwa Profesa Amrein. Nilimweleza kwa Kijerumani changu kibovu, pamoja na bondeni, mtungi na mpapai, maana bila hayo ningeonekana mwendawazimu. Nilipomaliza nikaanza kufikiria bei ya sanduku. Kisha akasema, "Chupa ziko wapi?" Nikamwonyesha. Zilikuwa kumi na moja, kila moja na tarehe. Akazipanga mezani moja moja.

Akanipa daftari. Akaniambia nipige mstari mmoja juu ya uongo, usomeke bado, niandike ukweli pembeni na kutia sahihi. Alisema maji yangu hayajamkasirisha kama yale maneno mawili. Akasema pia: huenda kosa langu limegundua jambo la maana sana, au huenda nimezishindisha njaa sahani sita. Hajui. Tutarudia, na mimi mwenyewe ndiye nitakayefanya, naye atatazama kila tone. Pasaka iko palepale. Jambo lile lisipotokea tena narudi, na barua yangu ya kurudi itaeleza sababu.

Niombeeni. Nimefurahi ajabu, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu wa kwanza kujua alikuwa wewe, na ulikuwa mbali namna hiyo.

Na nyumba ya Mama, dari lini? Ningekuwepo ningebeba fito. Usinifiche tena.

Anselmo


Kijiji kipya, karibu na Chilangala
1 Februari 1975

Mpwa wangu Anselmo,

Tumsifu Yesu Kristu. Ni mimi mjomba wako Bartholomayo. Anayeandika ni dada yako, na nimemkataza kurekebisha maneno yangu.

Nimesikia umesema kweli. Vizuri. Nilifikiri utachelewa zaidi, wewe ulikuwa mwoga wa kuku.

Sasa tufanye kazi. Umewapa wale wa misuli makombo. Mtu akilishwa makombo hakui, hilo halihitaji ndege ya kwenda Ulaya. Kina Nathanaeli waliokuja kutoka ng'ambo walikula mizizi ya porini mwaka mzima na watoto wao hawakurefuka. Nani aliwatuliza? Hakuna, ni njaa. Kwa hiyo nakuuliza: yale maji yamebeba neno la mlinzi, au yameishiwa shibe tu? Ukija kuniambia mlinzi anaongea, nitakuuliza hilo, na usipojua nitacheka.

Fanya hivi. Wape chakula kipya, kamili, washibe. Halafu juu yake wachanganyie maji ya utando. Na wengine, wachanganyie makombo ya nyumba nyingine, hata makombo yao wenyewe. Kama wote wanadumaa, ni uchafu tu. Kama wanaodumaa ni wale wa maji ya utando peke yao, basi pana neno ndani ya maji.

Kuna jambo jingine. Dada yako ameinamisha kichwa, anajua ninachotaka kusema, lakini ataandika. Mimi nilikatazwa na daktari nisisimamie ule mguu muda mrefu. Mwezi wa nane mwaka uleule wa bomu Pancras alitoka jandoni. Mimi ndiye mjomba mkubwa wa ukoo. Mjomba asipocheza siku hiyo, mtoto ametolewa na nani? Nikacheza. Nilicheza toka asubuhi mpaka jua la utosini, na mguu haukuniuma. Ulipokufa miezi minane baadaye, watu wote wakasema ni ngoma. Hawasemi mbele yangu. Dada yako naye anajilaumu kwa sababu mtoto ni wake, na Pancras ameacha kunitazama usoni tangu siku niliyotoka hospitali na mkongojo. Nasi nyumba nzima tunakwepa kulitaja, kama vile tuna mgonjwa chumba cha pili.

Muulize huyo profesa wako. Ilikuwa ngoma? Anijibu hata kama jibu ni ndiyo. Mimi ni mtu mzima.

Ule mguu niliuzika mwenyewe kule Chilangala, chini ya mkorosho wa tatu kutoka kwenye kisima kikavu. Ndiyo maana siku ya kuhama nilikuwa wa mwisho kupanda lori. Ndugu Katibu wa chama, aliyesimamia kuhama, alidhani nampinga. Nilikuwa naaga tu.

Mjomba wako,
Bartholomayo


Basel
3 Aprili 1975

Mjomba shikamoo, dada shikamoo, Mama shikamoo. Barua hii isomwe kwa wote, na Pancras aitwe aketi mbele.

Barua ya mjomba niliitafsiri usiku mmoja nikaipeleka. Profesa Amrein alikuwa ameshapanga karibu hayo yote, ndivyo wafanyavyo huku, lakini aliisoma mara mbili akauliza, "Mzee huyu ana kazi?" Nikasema analima korosho kwa mguu mmoja. Akaibandika ndani ya daftari la maabara. Ipo humo, na mstari wa kuku upo.

Tulifanya makundi matatu ya sahani za misuli, zote zikashiba chakula kipya sawasawa. La kwanza hatukulichanganyia kitu. La pili tulilichanganyia makombo ya misuli yenyewe. La tatu, maji ya utando. Kila sahani ilikuwa na alama ya siri, nami niliyehesabu sikujua ipi ni ipi. Alama alizijua yeye, akazifungia kwenye droo. Siku sita. Nilihesabu kwenye darubini hadi nikawa naona vitone kwenye ugali, na ugali wenyewe ni wa viazi.

Jumatano Kuu akafungua droo. Kundi la kwanza lilikuwa limeongezeka mara nne. La pili, karibu mara nne. La tatu halikufika hata mara mbili. Tukazisuuza sahani zile za tatu, tukazipa chakula kipya kitupu, tukangoja. Jumatatu ya Pasaka nilikwenda kazini peke yangu, siku ya mapumziko, nikachungulia. Zilikuwa zinakua. Hazikuwa na njaa, hazikuwa na sumu. Zilikuwa zimetulizwa.

Mjomba, anaongea. Mlinzi anaongea, na maneno yake yako ndani ya maji. Nililia pale kwenye darubini, nasema bila aibu.

Sasa nisikuze mambo. Hatujui neno lenyewe ni nini. Profesa anasema kulitafuta kunaweza kuchukua miaka kumi, huenda wengine wakalipata kabla yetu, na mambo ya kwenye sahani si ya kwenye mguu wa mtu. Dawa hakuna. Hata kama tungeyajua haya mwaka sabini na mbili, mguu huenda ungekatwa vilevile.

Lakini swali lako nimelipeleka kama ulivyotaka, na amenijibu kwa saa nzima, na michoro. Utando wa mshipa wako uliharibika siku ya bomu, na mwingine kidogo pale daktari alipoubana ili ashone, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kushona. Misuli ikakosa wa kuituliza. Inaanza kuzaana ndani ya siku chache tu, mjomba. Siku chache. Pancras alipotoka jandoni, ile nyama ilikuwa na miezi sita tayari inaota kimya kimya, na hukuhisi kitu kwa sababu haina maumivu. Amesema niandike hivi, na ametia sahihi yake chini ya mchoro niliouambatisha: kwa kadiri ya anachokijua, haikuwa ngoma. Ungekaa kitandani mwaka mzima ingeota vilevile. Amekatazwa na kazi yake kusema "hakika", kwa hiyo nasema mimi badala yake.

Pancras, umesikia.

Kuhusu mimi: nabaki. Nimeongezewa mwaka mmoja, na nikimaliza nitarudi kufundisha mafundi wa maabara huko kwetu. Leo asubuhi nimekuta karatasi juu ya sinki, mwandiko wa profesa, herufi kubwa: USIMWAGE KITU KABLA YA KUMWULIZA ANSELMO. Wote wamecheka, nami pia. Kisha mmoja akaja na chupa yake mkononi, akaniuliza kweli.

Wenu,
Anselmo


Kijijini
29 Juni 1975

Mdogo wangu,

Marahaba, na usamehe ukimya. Ilikuwa msimu wa kumalizia dari ya Mama, na wodi ilielemewa. Jumatano wale wa ng'ambo wamepandisha bendera yao ya uhuru. Kina Nathanaeli walikuwa wameshavuka. Yule mtoto Isabela alivukishwa mgongoni, na mama yake alituma ujumbe kwamba ameanza kukaa. Hapa tulipiga ngoma ukingo wa barabara hadi jua likazama.

Bomba limefika kijijini, linatoa siku mbili kwa wiki. Mama bado anaoshea sahani kwa maji ya mchele. Nilimwambia kuhusu ile karatasi ya sinki. Amesema huyo mzungu amelelewa vizuri.

Barua yako ilisomwa kama ulivyoagiza. Tulipofika pale kwenye siku chache, nilishindwa kuendelea, nikampa Pancras amalizie. Akasoma mpaka "umesikia", akakunja karatasi vizuri. Siku ya ngoma ya wale wa ng'ambo, alikwenda kwenye kigoda cha mjomba akamshika mkono, akamwinua. Mjomba amecheza, Anselmo. Kwa mkongojo na bega la Pancras. Nililia mbele ya watu wote, na mimi ni muuguzi, sina kawaida hiyo.

Mjomba anataka kuongea. Nampisha.

Mpwa wangu. Mchoro wa profesa nimeutia kwenye fremu ya picha ya Bikira Maria, nyuma yake, Padri asione. Alhamisi nilimwambia Pancras anisindikize hadi Chilangala. Ilituchukua toka alfajiri mpaka saa sita, kwa mwendo wangu. Majani yamepanda, lakini mkorosho wa tatu upo na umeanza kutoa maua. Nikaketi pale, nikamtuma Pancras akaokote mbali kidogo korosho za mwaka jana zilizobaki majanini. Nikauambia mguu habari zote: maji, sahani, mwanamke wa Uswisi, na wewe. Nikauambia tuliisingizia ngoma miaka miwili bure, na kwamba naomba radhi. Kisha nikamwita Pancras aje, tukachoma korosho tukala palepale, tukarudi nyumbani.

Bartholomayo